Hatua Mia za Nyumba ya Eunike

Katika ujane wake wote Eunike alidanganya mara moja tu, na kwa kuwa uongo wenyewe alimwambia Mzungu, hakuuhesabu sana.

Mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamekwisha kukaa wakakolea katika boma lao la Arusha, wakaleta huku Meru mabwana wawili, kila mmoja na wazimu wake. Wa kwanza alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo, na kazi yake ilikuwa kutafuta vitu vya kale ili serikali ivilinde visibomolewe. Alipima kila alichokiona kwa utepe: mawe, mifereji, miti ya matambiko, hata pembe za fahali mmoja ambaye hakupenda. Watu wakamwita Bwana Utepe. Wa pili alikuwa mfupi, mchache wa maneno, naye alipita akipigilia vigingi kwenye ardhi ya kugawiwa walowezi. Huyo aliitwa na watu Bwana Vigingi, na hakuna mji uliomkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Bwana Utepe alipofika kwenye nyumba ya Eunike, huko juu mgongoni mwa mlima, alishika kichwa. Ilikuwa nyumba ya msonge, imefunikwa majani makavu ya migomba toka kileleni hadi chini. Aliizunguka mara saba. Alipiga magoti akanusa fito. Kisha akamtuma mkalimani wake, Dismasi, aulize nyumba hii ina umri gani.

Ukweli ni kwamba ilikuwa na miaka tisa. Aliijenga marehemu Elisaria, mume wa Eunike, fundi aliyesifika kwa kujenga nyumba nyepesi kuliko fundi yeyote mlimani. Lakini mgeni alikuwa amesimama na mabuti yake katikati ya maharage yaliyoanza kuchipua, na Eunike alitaka aondoke upesi.

"Mwambie ni ya babu wa babu wa mume wangu," alisema.

Dismasi alizijua nyumba zile vizuri. Hata hivyo akatafsiri. Bwana Utepe nusura alie. Alitoa kopo la rangi nyeupe, akaandika namba tatu juu ya mlango, akampa Eunike karatasi yenye muhuri wa tai, akaenda zake akiwa amekanyaga na maharage yaliyosalia. Eunike aliitia karatasi kibuyuni, akaisahau.

Aliikumbuka vigingi vilipokaribia kihamba chake, shamba lake la migomba.

Kihamba kilikuwa chini, karibu na njia ya kwenda Makumira, mbali na nyumba. Migomba yake aliipanda mama mkwe wake. Katikati ya migomba alilala Elisaria, na kaburi lake limezungushiwa masale, ile mimea ambayo Mmeru akiiona imepandwa mahali, haing'oi na wala hapaingilii. Bwana Vigingi hakuwa Mmeru. Kwa jirani wa kwanza aling'oa masale kwa mkono mmoja akachomeka kigingi palepale kwenye shimo. Siku mbili zaidi angefika kwa Elisaria. Eunike hakuweza kula. Alichukua kibuyu, akamfuata Dismasi kambini.

"Nisomee," alimwambia.

Dismasi alisoma. Nyumba namba tatu isibomolewe wala isibadilishwe, na ardhi ya hatua mia moja kila upande wa nyumba hiyo asipewe mtu yeyote.

"Inasema nyumba iko wapi?"

Dismasi aligeuza karatasi, akatazama nyuma. "Haisemi, mama. Inasema nyumba tu."

"Basi itashuka," alisema Eunike.

Shemeji yake Sumari alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini. Alipomwona shemeji yake hacheki, aliinuka, akaenda kuita watu.

Asubuhi ya pili walikuwa wanaume thelathini. Walifukua miguu ya nyumba, wakapitisha miti mirefu chini ya fito, na kazi ingekwenda vyema kabisa kama Sumari asingefanya kosa moja. Mbege ya kazi hunywewa kazi ikiisha. Kila mtu analijua hilo, Sumari akiwa wa kwanza. Lakini aliitazama ile nyumba, akawatazama watu wake, akasema nusu kata kwa kila mtu haitadhuru, ya kulainisha mabega tu. Mabega yakalainika, na nusu kata nyingine zikafuata.

Eunike alikataa kutoka ndani. Karatasi ilisema nyumba isibadilishwe, na kwake nyumba isiyo na moto ni banda. Kwa hiyo alizoa makaa ya jiko lake kwenye chungu, akakikumbatia kwa kitambaa, na nyumba ilipoinuka akatembea nayo humohumo ndani, akiona ardhi tu na safu ya miguu ya watu.

Nyumba ikashuka mlima. Ilikuwa na miguu sitini, na hakuna hata miwili iliyoafikiana. Ilipopinda kushoto, waliokuwa kulia walikimbia. Ilipopita chini ya mkuyu, ilipungua majani na kuongezeka ndege mmoja. Kuku wa Eunike waliokuwa wamezoea kulala ndani waliifuata nyuma wakilalamika. Hanna, binti yake, alitangulia akipiga kelele watu wapishe njia, ingawa mwenye akili timamu yeyote alikuwa amekwisha kupisha.

Nalepo, bibi wa Kiarusha aliyeolewa pale jirani, alikuwa ameketi kando ya mfereji akichambua mboga. Aliiona nyumba inakuja. Hakushtuka, alikuwa ameona mengi.

Kutoka ndani ya nyumba sauti ilisema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Hanna. Unahama?"

"Hapana, bibi. Ninashuka kidogo tu."

Hapo ndipo thelathini wote walipoishiwa nguvu. Alianza mmoja wa nyuma kwa kukoroma puani, cheko likapita mti hadi mti, na nyumba namba tatu ikaketi katikati ya njia. Walijaribu kuiinua mara nne. Kila walipoinama, mmoja aliguna, "Ninashuka kidogo," na wote wakaanguka upya.

Kihamba kilikuwa kinaonekana pale chini. Eunike, ndani, alianza kuhesabu kwa macho kupitia mlangoni. Kutoka pale hadi kwenye masale ilizidi hatua mia.

Na kwenye kona wakatokea mabwana wawili. Bwana Utepe alikuwa anampeleka mwenzake juu, kwa fahari kubwa, akaione nyumba yake.

Bwana Vigingi alisema jambo fupi. Dismasi akatafsiri: "Anauliza nani hujenga nyumba katikati ya njia."

Bwana Utepe aliitazama miti iliyochomoza chini ya fito, na watu waliolala chali wakifuta machozi. Alifungua daftari lake. Nyumba alikuwa ameichora vizuri mno, kila ufito mahali pake, lakini kwa mapenzi yake hakuchora kitu kingine chochote, hata mgomba mmoja wa kuonyesha mahali iliposimama. Alifunga daftari. Akauliza taratibu, na Dismasi akauliza kwa Kimeru, nani kwa kweli aliyeijenga.

Eunike alitoka akiinama, chungu cha makaa kifuani.

"Mume wangu, Elisaria. Ina miaka tisa. Mwenyewe yuko pale, kwenye yale masale."

"Nitafsiri hivyo, mama?" aliuliza Dismasi kwa sauti ya chini.

"Hivyohivyo."

Bwana Utepe alisikiliza hadi mwisho. Mwenzake hakungoja. Alianzia mlangoni, akateremka kwa vihatua vyake vifupi akihesabu, akafika mia moja hata migomba ya kwanza hajaigusa. Akaitisha nyundo.

Bwana Utepe alimwita. Dismasi alitafsiri bila kuulizwa, naye alikuwa anatabasamu: "Anasema karatasi ni yake, sahihi ni yake, basi na hatua ni zake."

Akaanza kuhesabu. Hatua ya kwanza tu iliwafanya watu waketi sawasawa. Ya pili ilivuka mfereji. Miguu ile ya korongo iliruka vichaka, kofia ikaanguka kwenye thelathini na hakuirudia, na watu wote wakasimama wakahesabu naye kwa sauti moja, Sumari akipotea kila baada ya kumi na kusahihishwa na Nalepo. Kwenye tisini alikuwa kaburini. Hapo alipunguza mwendo, akazunguka masale kwa uangalifu pasipo kukanyaga hata jani, akapoteza hatua nne nzima, kisha akazimalizia zilizobaki upande wa pili kwa kuruka. Akachukua kigingi, akakipigilia mwenyewe. Mbali, ng'ambo ya Elisaria na migomba yote ya mama yake.

Eunike alikuwa akicheka na kulia pamoja, hata majivu ya chungu yakamrukia usoni. Alimgeukia mkalimani.

"Mwambie yale maharage nimemsamehe."

Dismasi alipaza sauti akatafsiri. Bwana Utepe, ameegemea mgomba akitafuta pumzi, alirudisha swali.

"Anauliza," alisema Dismasi, "maharage gani?"