Mgagani wa kwa Mama Ngassa

Onesmo alirudi kutoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na boksi la juisi kwapani, lile lenye picha ya embe lililokatwa katikati, manjano mpaka unatamani kulamba karatasi. Akamkalisha binti yake mapajani na kulitoboa boksi kwa mrija.

"Kunywa, mama yangu. Hii ni vitamini tupu. Imeandikwa hapa ubavuni."

Melania, mkewe, alilichukua lile boksi, akaligeuza. Jioni hiyo alikuwa ametoka darasa la watu wazima, ambako Mwalimu Athanas aliwapa kazi: kila mmoja achukue kinywaji cha matunda na mboga ya majani, avilinganishe, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze kipi kinamjenga mtoto.

"Baba Sesi, hebu sikia. Maji. Sukari. Juisi ya embe, kidogo tu. Rangi. Ladha ya embe. Sasa kama embe limo, ladha yake wameongeza ya nini?"

"Na vitamini je?"

"Vitamini C ipo, sikatai. Lakini madini ya chuma hakuna, na hiyo sukari inamjaza tumbo, ukimletea ugali anageuza uso. Mgagani unampa chuma, unampa vitamini A, unampa na nguvu ya mifupa. Bakuli dogo tu."

Onesmo akacheka. "Nimeoa daktari bila kujua! Haya, mpe huo mgagani tuone kama atautabasamia hivi."

Melania naye alicheka, lakini moyoni hakuwa na mzaha. Kwenye kadi ya kliniki uzito wa Sesilia ulikuwa umeteremka kutoka kijani hadi kijivu, na nesi alishamwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba ukigusa nyekundu mtoto atalazwa. Mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi mno. Ukimbeba mgongoni unajikuta unapeleka mkono nyuma, kuhakikisha bado yupo.

Shida ilikuwa kiangazi. Sokoni mboga zilikuwa zimesinyaa kama zimepigwa pasi. Lakini Melania alikuwa mtoto wa wakulima wa Ushetu, na kwao kila mwanamke anajua pa kwenda mvua zikikata: unatafuta itongo, boma lililohamwa, mahali ng'ombe walipolala miaka na miaka. Mbolea ya zizi haisahau, na mgagani hujiotea wenyewe hapo bila kupandwa na mtu.

Akalipata. Lilikuwa juu kidogo ya mwalo, pale wachimbaji wanaposafishia mchanga wa dhahabu. Uzio wa minyaa ulikuwa umezeeka, kuta za udongo zimelala chini, na katikati, kwenye ardhi ya kijivu isiyo na jani jingine lolote, mgagani ulikuwa umesimama hadi kiunoni. Kijani cha kuumiza macho. Melania alimshukuru Mungu kwa sauti, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye minyaa kama ya mtu mwingine.

Ni wakati anachuma ndipo alipogundua kwamba hata jani moja lenye tundu halikuwepo. Hakuna panzi, hakuna kiwavi, hata nzi. Mbuzi wa mtaa ule walikuwa wanakula mpaka mifuko ya plastiki, lakini walikuwa wamesimama nje ya uzio wakimtazama. Tena upande wa mbali wa lile shamba vilele vilikuwa vimeshakwanyuliwa, kwa ukucha wa kidole gumba, kama anavyochuma mwanamke aliyefundishwa na mama yake.

Basi tuko wawili, akajisemea. Akamwachia mwenzake upande ule.

Alipika kwa maziwa na karanga, Sesilia akala, akalamba na bakuli. Melania aliporudi darasani alisimama mbele na kueleza vizuri mpaka Mwalimu Athanas akapiga makofi. "Unachuma wapi, shoga?" wakamuuliza wenzake, na yeye, kwa furaha, akawaelekeza.

Akawa anakwenda kila asubuhi. Kila asubuhi alikuta vilele vingine vimekwanyuliwa, utomvu bado unatoka kwenye vikonyo, na kwenye ule udongo laini kama majivu hapakuwa na nyayo ila zake mwenyewe. Siku moja alizunguka nyuma ya ukuta. Vilikuwa hapo. Lundo la vilele vya mgagani, vibichi juu ya vilivyonyauka, vilivyonyauka juu ya vilivyooza. Hakuna hata kimoja kilichopelekwa jikoni.

Alitoka pale akitembea haraka, halafu akajicheka kwa kutembea haraka.

Nyumbani Sesilia alikuwa ameanza kudondosha mate, na kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi. Magego hayo, Melania akajituliza. Makombo ya mboga aliyowamwagia kuku yalishinda pale uani mpaka yakakauka.

Paskalia, jirani mwenye genge la juisi na maandazi, ndiye aliyeuliza. Alikuja kuomba chumvi, akaona beseni.

"Wee Mama Sesi! Kiangazi hiki, mgagani mbichi namna hii? Umeroga?"

"Nimesoma, sijaroga," Melania akasema, wakacheka. "Nachuma pale itongo, juu ya mwalo. Lilikuwa zizi la nani lile? Mbolea yake kali!"

Paskalia aliacha kucheka. Akaketi juu ya ndoo bila kukaribishwa.

"Pale hapajalala ng'ombe, mdogo wangu. Pale ni kwa Mama Ngassa. Walikuwa wanachomea dhahabu. Wanaichanganya na zebaki, wanaweka kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, moshi unatanda boma zima, na maji ya kuoshea yanamwagwa hapo hapo uani. Miaka yote hiyo. Unachoita mbolea ni hicho."

Melania alitazama beseni. Majani yalikuwa bado yanang'aa.

"Mtoto wake, huyo Ngassa, alianza kutetemeka mikono," Paskalia akaendelea, sauti imeshuka. "Mate yanamtoka. Maneno aliyokuwa anayajua yakapotea moja moja. Walipomzika, mama yake hakuhama. Akawa kila alfajiri anakwanyua ule mgagani na kuutupa nyuma ya nyumba, asije mama wa watu akauchuma akampikia mwanawe. Tulidhani amerukwa na akili."

"Kwa hiyo ni yeye." Melania alihisi nafuu ya ajabu. "Nilijua kuna mtu. Bado anakwanyua, dada. Leo asubuhi utomvu ulikuwa unatoka."

Paskalia alilisogeza beseni mbali naye.

"Mama Ngassa naye alikwenda, Mama Sesi. Ndugu zake walikuja na gari wakamchukua, wakamzika kwao Ngokolo. Kabla ya mvua za mwaka juzi."

Uani Sesilia alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko, na mkono wake ulikuwa unakosa sufuria.

Melania alichimba shimo akafukia mboga, ya beseni na ya chunguni, akasugua chungu kwa mchanga. Mtoto alipolia kiu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye boksi la embe, ile sukari na rangi aliyoisema vibaya mbele ya darasa zima, akamshikia mrija huku machozi yakimtoka. Kisha akambeba mgongoni hadi zahanati, akaeleza kila kitu bila kujificha. Nesi alimsikiliza, akamwita daktari. Wakamchukua mtoto damu na mkojo vipelekwe kupimwa mjini. "Umewahi," daktari alisema. "Ni siku chache hizi. Usimpe tena hata jani, na umrudishe hapa kila wiki." Melania alilishika lile neno, umewahi, akarudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba moto mkononi.

Lakini usingizi ulimpaa. Aliwawaza wenzake wa darasani, wale aliowaelekeza kwa mdomo wake mwenyewe, na watoto wao. Kulipopambazuka alimwachia Onesmo mtoto, akachukua jembe.

Ukungu ulikuwa umelalia minyaa. Aliingia, akaanza upande wake, kung'oa mashina na mizizi. Ndipo aliposikia kutoka upande wa mbali. Tk. Tk. Tk. Ukucha unakata kikonyo, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Pale sauti ilipotokea mgagani ulikuwa unatikisika, kilele baada ya kilele, na upepo haukuwepo.

Miguu ilimwambia akimbie. Melania akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kuwaamkia waliomzidi.

"Mwangaluka, mayu," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama.

Sauti ilinyamaza. Alihisi anatazamwa, hasa mgongoni, pale anapombebea Sesilia. Kisha ikaendelea, tk, tk, karibu zaidi kuliko mwanzo, naye akainama akaendelea kung'oa, wakafanya kazi hivyo, kila mmoja upande wake, mpaka jua likaanza kugusa minyaa.

Njiani kukasikika vicheko. Wanawake wa darasani walikuwa wanapanda kutoka mwaloni, na mabeseni matupu kichwani. Melania aliacha jembe likiwa limesimama udongoni, akatoka mbio kuwazuia, viganja vimejaa utomvu, na nyuma yake kukwanyua hakukukatika.