Madumu Sita ya Namba Tisa

...na eti ni ya mwisho, awamu ya mwisho mama Isabela, tukimaliza hii tumemaliza, anasema baba Isabela huku ananawa uso kwa kikombe kimoja kama mstaarabu, kama mtu anayejua maji ni nini, na mimi nimesimama mlangoni pa stoo nahesabu, jana yalikuwa madumu thelathini na moja, leo ishirini na tano, nahesabu tena, ishirini na tano, pale yalipokaa yale sita sakafu bado ina unyevu, basi nimechukua mawili matupu nimekuja kupanga foleni bila hata chai, na foleni yenyewe haisogei, mzee Safari kakaa na ufunguo wake wa bomba anasema kina mama vumilieni, presha ndogo, kila mtu mawili, mawili tu... mawili nitayafanyia nini mimi, ishirini na tano na mawili ni ishirini na saba, na fundi Arthur alisema thelathini, alisema mbele ya baba Isabela mwenyewe, akimtazama usoni, Mwalimu, pungufu ya thelathini saruji siigusi, plasta ya kisima cha mvua haiachwi katikati ikangoja mtu aende bombani, itapasuka halafu mtasema fundi mbovu. Kesho alfajiri anakuja. Keshokutwa anapanda gari la Nachingwea, kapata kazi huko mpaka Krismasi, na mvua haimngoji fundi, Desemba itanyesha, itapita juu ya bati langu iende zake bondeni Ruvuma kama ilivyokwenda mwaka jana na mwaka juzi, na lile shimo nyuma ya nyumba litajaa tope mara ya tatu, kuku wawili wameshafia humo, mfuko wa kwanza wa saruji uliganda ukawa jiwe tukaufanya kigoda cha kuogea, kila nikioga nakalia upumbavu wetu. Na safari hii mifuko sita, sita, kwa korosho zangu mwenyewe za shamba la mama, hawa wanunuzi binafsi bei wanakupangia wao lakini noti unaiona, siyo kama zama za baba yangu kule Chiwata, malipo ya kwanza, malipo ya pili yanakuja, karatasi za ushirika amezitunza kwenye kopo la maziwa, akafa na kopo lake, nikaapa mimi sitangojea malipo ya pili ya mtu yeyote... kumbe nimeolewa na mtu anayelipa kwa awamu.

Angekuwa hawara ningejua pa kuanzia. Kweli kabisa, angekuwa anampelekea maji mwanamke ningejifunga kanga kiunoni nikaenda, lakini nitamfuata nani, Sultani, namba tisa, kazaliwa kwa kalamu ya Biki kwenye daftari la kaunta, kasi kumi na saba, mashuti kumi na tisa, kichwa kumi na moja, nimeyasoma leo kwa macho yangu, nimelitoa lile daftari chini ya godoro na yeye anafuta uso hakuthubutu kuninyang'anya, Mkorosho FC imemnunua Sultani kutoka Cherehani United kwa madumu arobaini na mawili, awamu saba, sita kila mwisho wa mwezi, Aprili alama ya vema, Mei vema, Juni vema, mpaka Oktoba, na sahihi mbili chini, ya kwake na ya Sadallah fundi cherehani, watu wazima, mmoja ana ndevu, mwingine anasoma somo la pili kanisani.

Alikwenda Mtwara semina siku nne. Nikamwambia niletee kitenge, akarudi na mchezo. Binamu yake huko ofisini kwao kuna kompyuta, wakitoka kazini wanacheza mpira humo, na wewe huchezi, alinieleza hivyo macho yanang'aa, wewe huchezi mama Isabela, wewe ni meneja, unanunua, unauza, unapanga timu, mpira unachezwa wenyewe, nikamwambia hiyo kazi naijua, mimi napanga humu ndani na hakuna anayecheza, hakucheka. Newala kompyuta ataitoa wapi, akaunda yake kwa daftari na dadu mbili, Jumapili akitoka ibadani ni barazani kwa Sadallah mpaka jua linazama, wao na wenzao wawili, na mwanzoni walikuwa wanalipana hela za kuandika, kila mmoja akajiandikia mamilioni, wakagombana, ndipo wakatafuta kitu ambacho mtu hawezi kukidanganya, na Newala hii ni kitu gani hicho kama siyo maji. Lakini walikubaliana Machi. Machi, mvua inamwagika, ndoo zimefurika, ukiweka sufuria nje unalikuta limejaa, dumu la maji hata mwizi haliangalii, na mwalimu mzima anayefundisha hesabu darasa la sita akaweka sahihi kulipa maji mpaka Oktoba, bila kuwaza kwamba Oktoba dumu ni shilingi mia mbili, linapandishwa na baiskeli kutoka bondeni na mwenye baiskeli anakohoa hadi unamwonea huruma. Eti unamchukua mchezaji leo, kumlipa unamlipa polepole, klabu kubwa zote ndivyo zinavyofanya... zina bomba, hizo klabu kubwa.

Na mimi aliniambia ni maji ya shule. Kila mwalimu achangie, watoto wanapata kiu. Miezi saba nasuuza madumu nampa, nikamsifu mpaka kwa mama, baba Isabela wa watu ana moyo na wale watoto, ee Mungu wangu, hapo ndipo paliponiuma, siyo maji...

"Shikamoo dada."

Marahaba, natoa marahaba kabla sijageuka, na kugeuka namwona nani kama siyo Pili, mama Ashraf, mke wa huyo huyo Sadallah, ana madumu yake mawili na sinia la ming'oko kichwani, vile viazi pori vya kuchemsha, anaipitisha kwa wanunuzi hapa hapa foleni, na damu inanipanda, nataka kumwambia wewe umekuja kufanya nini hapa, una sita yangu nyumbani yamejaa mpaka shingoni, kayaoge, kayapikie, unapanga foleni ya nini, lakini mtu amekuamkia, utamwanzia wapi, nauliza tu za nyumbani.

"Nyumbani hapakaliki, dada. Baba Ashraf hali."

"Anaumwa?"

"Aumwe wapi. Mpira wao ule. Tangu amwuze yule Sultani wake timu haijashinda, Jumapili kafungwa manne, karudi kajilaza na viatu."

Anashusha sinia, anasema na leo asubuhi Mwalimu kaleta madumu sita, kayapokea kayapanga chumba cha cherehani, nikasema alhamdulillahi leo nafua, eti nisiyaguse. Nisiyaguse dada. Anataka kununulia mshambuliaji mwingine. Ya mwezi uliopita alinunulia beki, dadu ikaanguka moja na moja, beki kavunjika mguu, basi nje mpaka mwakani, maji yameenda. Mimi na mtoto tunaoga kwa kikombe, chumba cha pili maji yamekaa kama wageni wa heshima. Ananiambia hivi na hacheki, na mama wawili mbele yetu wanacheka kwa niaba yake, na mimi sicheki, kwa sababu nilikuja na hasira ya kumtwika mtu na huyu niliyetaka kumtwika naye kashika madumu mawili matupu kama mimi.

Hakukosa hata mwezi mmoja. Ndicho kinachonirudia, siyo Pili, siyo dadu, zile alama za vema, Aprili Mei Juni Julai, zimepangana, mtu huyu huyu ambaye gata za bati aliniahidi kabla Isabela hajaota meno na Isabela sasa anasoma, mpaka leo mvua naikinga kwa mianzi iliyopasuliwa, bawaba ya mlango wa jikoni nafungia kamba, kesho mama Isabela, kesho, nikaamini ndivyo alivyoumbwa, nikamsamehe, nikasema hana, hawezi, kuna watu hawawezi kufikisha jambo mwisho... kumbe anaweza. Anaweza vizuri sana. Anapakia madumu kwenye baiskeli jua halijatoka, kwa mwezi mkavu, kwa aibu ya kusomewa jina lake barazani mbele ya wanaume wenzake. Mimi sikuwa na daftari. Mimi nilikuwa namkumbusha kwa mdomo, na mdomo wa mke hauna alama ya vema.

Foleni imesogea hatua moja, hapana, ni mtu kaondoka tu, kachoka. Pili anasema afadhali angemrudisha huyo Sultani wake, tungepumzika, na mimi nasema eeh, nasema eeh tu kama mtu anayejibu, halafu kitu kinakaa sawa kichwani... amelipiwa. Leo asubuhi amelipiwa la mwisho, arobaini na mawili kamili, hadaiwi. Na yamelipwa na nani, arobaini na mawili yote yametoka stoo yangu, nimeyapanga foleni mimi, nimeyabeba mimi, wengine walikuwa wanaweka sahihi. Sasa yule kijana ni wa nani? Na Sadallah hali, kajilaza na viatu, na ana madumu sita yamejaa chumba cha cherehani na hataki mkewe ayaguse kwa sababu anatafuta mshambuliaji. Mbona mshambuliaji ninaye. Sita tu, leo, kabla ya magharibi, ayalete mwenyewe kwa baiskeli yake mpaka mlangoni pangu, ishirini na tano na sita thelathini na moja, saruji ya fundi Arthur inakorogwa kesho. Na thelathini na sita yaliyobaki... hana, najua hana, lazima nimpe awamu, Mungu anisamehe, awamu, lakini siyo awamu za kijinga za masika, mimi sifundishi hesabu darasa la sita lakini siwezi kuuza kitu ghali nikalipwa siku kitu ni bure, aanze Julai, sita, Agosti, sita, Septemba, mpaka Desemba, kiangazi chote hadi mvua irudi, wakati kisima changu kimejaa nami sina haja, nitayauza yale maji, nitanunua gata... na Pili nitamwambia sasa hivi, mawili kila mwezi ni yako uoge, tusinyonywe wote. Ni kijana, kasi kumi na saba, mashuti kumi na tisa, msimu ujao bei yake itakuwa mara mbili, pengine ningengoja kidogo... unaona, unaona wewe, nakuwa kama wao, ningoje nini, nilishaapa mimi.

Baba Isabela atang'aka. Ang'ake. Atasema klabu ni yake, mke haingii barazani kwenye mambo ya uhamisho, nitamwambia baba Isabela kaa chini, maji ya shule yameisha. Presha ndogo, anasema mzee Safari, vumilieni, na jua liko pale pale na dumu langu bado ni la nane kutoka mbele, nami leo hii nitakwenda kwa Sadallah, na lile daftari ninalo humu kwenye kanga, na pale panapoandikwa mwenye mchezaji watafuta Mkorosho FC waandike jina langu, Oliva, siyo mama wa nani wala mke wa nani, na wasipoliandika sitapiga kelele, nitamchana Sultani na ukurasa wake nimtie mfukoni, niwaache wacheze wenyewe.