Mfuko Namba Ishirini na Saba

Mifuko ya udongo ilikuwa arobaini. Nsofwa aliimwaga kwenye sinia za bati, kila mfuko na sinia yake, akazipanga ndani ya tanuri la kukaushia, na ilipotimia saa nne asubuhi akaanza kusaga. Kukausha, kusaga, kuchekecha, kupima gramu moja, kuitia tindikali na kuichemsha mpaka iwe maji yanayosomwa na mashine: hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa katika maabara ya mgodi, huko Zambia kwenye Ukanda wa Shaba. Alijivunia kwamba hajawahi kuchanganya hata punje ya mfuko huu na ya mfuko ule.

Alikuwa ameshika sinia ya mfuko namba ishirini na saba pale mkuu wa maabara, Bwana Siame, alipokuja kusimama mlangoni.

"Ba Nsofwa, huo umetoka wapi?"

"Uani kwa watu, bosi. Nyumba ya mwisho, chini ya lundo la taka za mgodi."

"Mwaka jana nyumba hiyo ilitutoa jasho. Na safari hii ripoti inakwenda serikalini." Siame akatazama nje, kwenye maua ya getini. "Chota pale. Udongo ni udongo."

"Mabosi wakiuliza?"

"Mimi ndiye bosi, baba."

Nsofwa akachota udongo wa maua, akaukausha, akausaga, akaubandika lebo ya ishirini na saba. Hakumwaga hata punje, na hilo ndilo lililomsumbua njia nzima akirudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata mizani ya sanduku la kioo, ambayo mwisho wake ni gramu mia mbili, ilikuwa inaonyesha kilo kumi na moja na gramu mia tatu arobaini. Juu yake hapakuwa na kitu. Ireen Kabaso, aliyeendesha mashine ya kusoma madini, akaja kuchungulia.

"Nani kaikalia?"

"Hakuna mtu."

"Basi bonyeza sifuri tuendelee, mzee. Wenzio tuna kazi."

Akabonyeza. Ikarudi sifuri, ikapima sawasawa, na ilipoachwa ikarudia kilo zake. Kufika Ijumaa zilikuwa zimepungua gramu mia moja na hamsini.

Jumatatu akaja mwanamke kijana, mtoto mgongoni kwenye chitenge. Alijulikana kwa jina la mwanawe: Bana Lubuto, yaani mama Lubuto. Mlinzi alimpitisha bila kumuuliza.

"Za kazi, baba. Mizani ya kliniki imekufa tangu Pasaka, nikaona nije huku anakopimwa."

"Anapimwa nani?"

"Si huyu Lubuto! Vijana wenu walikuja kuchota udongo pale anapochezea. Sasa kule kwetu kila mtu anajua yuko kwenye mizani ya ba Nsofwa." Akatoa kadi ya kliniki. "Niandikie."

Nsofwa akasoma mizani, akaandika. Mtoto hakushushwa mgongoni.

"Kapungua," mama akasema. "Tumbo linamsokota, hata tonge la nsima halitaki. Ila udongo, ukigeuka tu, uko mdomoni! Nimekemea mpaka nimechoka."

Lubuto, mwenye miaka mitatu, alimkazia macho Nsofwa. Nsofwa akajifanya anafuta meza.

Wiki zikapita. Wakaja akina mama wengine wa kule chini, na mizani ikawapa kila mmoja uzito wa mwanawe kwa zamu. Nsofwa aliwanunulia karanga, akawa anagawa dirishani, na akina mama wakamsifu kwamba ana roho nzuri. Kila aliposifiwa chakula kilimshinda siku hiyo.

Mwishowe akaingia stoo, yalikohifadhiwa masalio ya mifuko, akautoa ule udongo wa kweli. Akauandaa kama alivyofundishwa, bila kuruka hatua. Kabaso akausoma, akausoma tena.

"Madini ya risasi, mara tisa ya kiwango," akasema. "Mzee, hii ni ya wapi?"

Nsofwa akaipeleka karatasi kwa Siame. Siame aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Ishirini na saba ilishasomwa. Ripoti imekwenda."

"Mtoto anaisha, bosi. Unaona mwenyewe kila asubuhi."

"Naona," Siame akasema kwa upole, na hakuwa anadanganya. "Ndiyo maana nimeagiza mizani nyingine, kazi isichelewe. Hii waachie akina mama. Na benchi nitawawekea, wasisimame juani."

Benchi likaletwa Alhamisi jioni. Ijumaa Bana Lubuto alikuwa wa kwanza kulikalia. Mizani ilisoma kilo tisa na gramu mia nane. Nsofwa aliandika, lakini kadi hakuirudisha.

"Bana Lubuto, ule udongo wa kwako niliutupa kando. Nikapima mwingine. Wa kwako una sumu, na nilijua."

Mama akamshusha mtoto, akamfunga upya mgongoni, akakaza fundo.

"Nani mwingine anajua?"

"Bosi. Yule dada wa mashine. Basi."

"Kwa hiyo nihame?"

"Uhame. Hata leo."

"Niende wapi, ba Nsofwa?"

Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, akasubiri. Nsofwa alikuwa na nyumba ya mgodi huko kilimani, ambako vumbi la lundo halifiki. Ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa kitupu tangu mwanawe ahamie Lusaka, kitanda kimetandikwa. Alikifikiria chumba hicho, dirisha lake, pazia lake. Bana Lubuto alikuwa bado anasubiri.

"Jumatatu nitafungua maabara mapema," Nsofwa akasema, akamrudishia kadi.