Mluzi wa Kwale

Mwaka 1974, tulipoambiwa tuhamie kijiji kipya, niliapa sihami. Kwa jirani mgambo walipakia watoto kwanza kwenye lori, mama akafuata mwenyewe. Kwangu hawatawapata, nikasema. Nikawafundisha wanangu wawili kujificha kama vifaranga wa kwale.

Usicheke. Kifaranga wa kwale hajui kuruka. Uhai wake ni majani marefu juu ya kichwa, na chini yake nafasi ya kukimbia akiokota wadudu. Mama yake akitoa mlio wa hatari, analala pale pale, hatikisiki hata umkaribie vipi. Mama naye anakimbilia upande mwingine, akiburuza bawa kama limevunjika, amvute adui.

Basi lori liliposikika likija kutoka Kigwa, Mwamvita na mdogo wake Zena wakaingia majanini.

"Msitoke hata mkisikia nawaita," nikawaambia. "Huenda nimelazimishwa. Tokeni nikipiga mluzi wa kwale tu."

Nikachechemea kuelekea barabarani, mgambo wakanifuata kama nilivyotaka. Lakini mmoja alibaki nyuma, akaichoma nyumba yangu nisiwe na pa kurudi. Ilikuwa Juni, majani yamekauka. Nilipogeuka, moto ulikuwa umeshatoka paani, unatambaa majanini.

Nilirudi mbio nikiita, "Mwamvita, Zena, tokeni." Hakuna jani lililotikisika. Wanangu ni wasikivu.

Nikakunja midomo nipige mluzi. Ilikuwa imekauka kwa hofu. Ukatoka upepo mtupu.