Macho ya Mama Mkwe

Mwaka wa 1983 nilimpelekea mama mkwe wangu, Wakonyo, televisheni ndogo ya betri kule Giakanja. Hakukuwa na stima kwake, na kubeba betri ya gari kwenda kuchajiwa ni taabu kwa mjane. Kwa hiyo niliifungua kwanza katika duka langu la redio pale Nyeri, nikaipunguzia umeme, hasa kwenye ampulifaya ya picha, sehemu inayoikuza picha, ili betri idumu wiki nzima badala ya siku nne. Nilijisifu hadi wateja wakanichoka.

Miezi mitatu baadaye mke wangu, Waithira, alirudi kutoka kwao akilia. Mama yake alikuwa anapofuka. Ng'ombe alishaahidiwa jirani, nyumba ingefungwa, na Jumamosi ningekwenda kumleta akae nasi katika vyumba vyetu viwili vya mjini. Nyumba ile Wakonyo aliijenga mwenyewe baada ya kufiwa. Nilijua hatadumu mjini.

Nilimkuta sebuleni, nguo zake zimefungwa kwenye shuka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani sana usoni, wala hawakosoani, basi tukazungumza habari za baridi ya Julai. Mwishowe nikamuuliza macho yalianza lini.

"Wakati nilianza kuangalia TV," akasema. "Watu hawana sura. Maandishi yote imekuwa kama uji. Sasa hata mlima sioni asubuhi."

Julai hata mimi mlima siuoni kwa ukungu.

"Na Biblia, Mama?"

"Hiyo nasoma. Hiyo iko karibu."

Nikaiwasha televisheni. Kusema kweli, dukani nilikuwa nimetazama mita ya umeme, sikutazama picha. Mtangazaji alitokea hana pua, na jasho likanitoka. Ampulifaya ya picha ikinyimwa umeme haizimiki, inakuwa mvivu: peusi pakikutana na peupe inachelewa kugeuka, na picha inatapakaa. Mama wa watu alikuwa anahama kwake kwa sababu ya ujanja wangu.

"Mama, si macho. Ni mimi."

Hakuniamini. Nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikatia chuma cha kulehemu nyaya kwenye makaa ya jiko. Nilibadilisha rezista moja, kidude cha kuzuia umeme, nikairudishia ampulifaya umeme kidogo, kisha nikazungusha waya mwembamba kuwa koili ya kuichangamsha.

Picha ilipowaka, Wakonyo alirudi nyuma hadi ukutani. Akasoma maandishi ya kwenye kioo, jina kwa jina, kwa sauti anayosomea kanisani. Halafu akaketi, akajifunika uso kwa leso. Nami machozi yakanitoka, ya furaha na ya aibu.

"Mbona hukusema picha ni mbaya?"

"Ningesema aje, Baba Kihara? Wewe ni mkwe yangu. Na ulileta na mkono yako."

Yaani alikuwa tayari kuwa kipofu kuliko kunikosoa. Nikamwomba, kwa heshima zote, kwamba kuanzia siku hiyo aniambie kila kosa analoliona.

Akanitazama usoni, mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja ya ukwe wetu.

"Haya. Hiyo shati yako imetoboka kwa kwapa. Na rudi kwa bibi yako kabla giza iingie. Mimi siendi mahali."

Sijawahi kufurahia kufukuzwa namna ile.