Wingu Lililokidhi Masharti

Jumanne ya mwisho ya Julai, saa mbili asubuhi, Verlene Rencountre alikuwa akihesabu kurasa za zabuni kwa mara ya tatu. Masharti yaliruhusu kurasa hamsini. Zake zilikuwa hamsini na moja. Alifuta picha ya jengo lao, akabana maelezo ya wafanyakazi, akapunguza shukrani, na bado ukurasa wa mwisho ukabaki na mstari mmoja uliokataa kuondoka.

"Shangazi, toa hilo neno 'kwa unyenyekevu'," alisema Denelle, binti wa kaka yake, aliyeshughulikia kompyuta. "Miaka yote tumeomba kwa unyenyekevu, umeona tulichopata."

Verlene akalitoa. Zikawa hamsini.

Kampuni yao iliitwa Ukingo. Ilikuwa mali ya kabila, Wadakota, wenyeji wa asili wa hapo kwenye Mto Missouri, na ilikuwa na watu kumi na mmoja katika jengo lililowahi kuwa ukumbi wa mchezo wa bolingi, mita mia mbili kutoka kwenye bwawa. Serikali ilitafuta mtu wa kuhamisha picha zake za dunia, zile zilizopigwa zamani kutoka kwenye ndege na zile za setilaiti, kutoka kwenye ghala la mashine hadi kwenye kile walichokiita wingu, ili mwanasayansi yeyote azifikie kwa mtandao akiwa popote. Kazi ya kutunza picha hizo ilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa, Orrindale, kwa miaka kumi na tisa. Ukingo walikuwa wameiomba mara nne. Mara zote nne barua ilirudi ikisema hawana uzoefu.

Safari hii kulikuwa na jaribio. Kila mwombaji achague picha mia tatu kutoka ghalani, aziweke kwenye wingu, na zipatikane kwa siku thelathini, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Orrindale walichagua jangwa, kwa sababu jangwa halina mambo mengi. Verlene alichagua boksi la mwaka 1947, lenye picha za bonde lao kabla halijafunikwa na bwawa.

"Unataka kuwafundisha historia?" Denelle aliuliza.

"Nataka picha ninazozijua. Zikipinda nitaona."

Asubuhi ya jaribio, saa tatu na dakika kumi na mbili, picha ya mwisho ilipanda, na wingu likasimama juu ya bwawa. Lilikuwa jeupe, limetulia, na kingo zake zilikuwa zimenyooka kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Chini ya kivuli chake hapakuwa na maji. Palikuwa na bonde: miti mirefu ya mipopla, njia za mikokoteni, mashamba, vichaka vya plamu za mwitu zilizoiva, na mapaa ya nyumba arobaini na moja. Nje ya kivuli bwawa liliendelea kama kawaida, likiwa limesimama wima pembezoni kama ukuta wa kioo.

Denelle aliangalia dirishani, kisha akaangalia skrini.

"Zote zimepanda isipokuwa namba mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Imechanika huko ghalani."

Mahali pa picha hiyo, katikati ya bonde, palibaki maji yaliyosimama kama mnara wa pembe nne. Samaki walikuja hadi ukingoni wakatazama nje.

Kufikia saa nne watu walikuwa wanateremka na ndoo za kuchumia plamu. Mjomba Orval, kaka wa marehemu mama yake Verlene, aliteremka bila ndoo. Alikuwa na miaka themanini na mbili. Alikuwa na kumi na mmoja serikali ilipowaambia wahame kupisha bwawa, nao wakahama katikati ya Januari, barafu ikiwa imegandisha hata milango. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya saba, ya kwao. Kwa kuwa picha zilipigwa kutoka juu, ndani ya nyumba hapakuwa na kitu, udongo mtupu tu. Watu nao hawakuwamo. Kwa kipimo cha picha zile mtu ni mdogo mno. Lakini kila kitu kilichokuwa nje siku ile kilikuwepo, na kwenye kamba ya nguo zilining'inia shuka nne za mama yake, bado na unyevu.

Orval alizianua. Alizikunja polepole, pembe kwa pembe, jinsi alivyofundishwa, akaketi kizingitini akiwa amezipakata.

Verlene alikaa kando yake. Akasema la kazi.

"Mjomba, saa kumi na moja wanafunga."

"Najua. Mama angeuliza nani kaziacha nje mpaka mchana," alisema, na machozi yalimtoka bila yeye kuyashughulikia.

Saa kumi na moja kamili maji yalirudi. Kesho yake saa tatu bonde lilikuwepo, na shuka zilikuwa zimeanikwa tena. Orval akazianua tena. Alifanya hivyo siku zote thelathini.

Afisa manunuzi wa serikali, Leland Kopriva, alifika siku ya kumi na mbili akiwa na viatu vya ofisini na fomu ya ukaguzi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kusoma kila mstari. Alitaja nambari za picha kumi, na Verlene akampeleka mahali pa kila picha kwa miguu.

"Muda wa kufikia data, wastani dakika sita," aliandika. "Kuna mwinuko hapo pa mwisho, Bi Rencountre."

"Ulikuwepo hata mwaka arobaini na saba, Bwana Kopriva."

"Basi data ni sahihi." Akachuma plamu, akaila, akaandika tena. Baadaye, kule juu, alikula mkate wa kukaanga na supu ya nyama kavu na hakuandika chochote.

Mwezi wa Oktoba Ukingo walipewa mkataba wa miaka mitano. Orrindale waliweka pingamizi. Wakili wao alisafiri kutoka Virginia na kusema, katika chumba cha mikutano chenye zulia la buluu, kwamba wingu la Ukingo lilikuwa la mvuke wa maji, na kwamba waombaji wengine hawakuarifiwa kuwa hilo linaruhusiwa.

"Nyie la kwenu ni la nini?" Denelle aliuliza.

"La kawaida," wakili alisema.

"Sasa kaka, la kawaida ndilo lipi?"

Verlene alimgusa goti anyamaze. Kopriva alifungua masharti, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Wingu lifikiwe na wengi. Liongezeke linapohitajika. Matumizi yake yapimike. Liwe salama. Aligeuza ukurasa, akaurudisha.

"Hakuna panaposema lisiwe na mvuke," alisema. "Pingamizi limekataliwa."

Verlene alitoka nje hadi kwenye maegesho, akaegemea pikapu yake, akampigia Orval. Alipofungua kinywa, sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mtu aliyekuwa anapita na kahawa akageuka. "Tumewashinda, Mjomba. Tumewashinda kwa karatasi yao wenyewe." Upande wa pili alisikia mzee akiwatangazia watu, kisha vigelegele, kisha mtu akianza kupiga ngoma.

Mwezi wa Mei, bonde likiwa linafunguka kila asubuhi kwa mkataba mpya, walipanda mahindi humo. Mkataba ulikataza ujenzi, kilimo haukukitaja. Kila asubuhi vya kwenye picha vilirudi vilivyokuwa, lakini mahindi, yaliyolala chini ya maji usiku, yalikuwa yamekua urefu wa kidole kizima.

Wakati huohuo baraza la kabila liliandika kwa ofisi inayosimamia bwawa, likiomba ardhi yake irudishwe, maana sasa inaonekana na inatumika. Jibu lilikuja Agosti, katika wiki ya mavuno. Verlene aliteremka nalo, akawakuta watu zaidi ya mia moja kwenye mistari ya mahindi, wakitaniana kuhusu nani anavuna na nani anakula. Orval alikuwa akimenya hindi.

"Soma," alisema.

Verlene akasoma. Ardhi inayotajwa, ilisema barua, iko chini ya futi hamsini na tano za maji. Haikaliki wala hailimiki. Kwa hiyo hakuna ardhi ya kurudisha, na ombi limefungwa.

"Rudia hapo pa futi."

"Hamsini na tano."

Orval akawageukia waliokuwa mstari wa jirani. "Jamani, tumezama," aliwaambia. "Imeandikwa, ina muhuri."

Kicheko kilianza karibu naye, kikahama mstari hadi mstari, kikafika mwisho wa shamba kwa watu ambao hawakusikia neno lenyewe lakini walicheka vilevile. Verlene naye alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaikunja barua, akaitia mfukoni, akachukua kikapu na kuingia kwenye mstari wa pili. Mahindi yalikuwa mengi na saa zilikuwa chache.