Sare ya Apolinaria

Apolinaria alikuwa na miaka kumi na mmoja, na saratani ya damu iliyokwisha kuwashinda madaktari. Walimrudisha nyumbani Mtendeni na dawa za maumivu. Wazazi wake, Ngollo na Julieth, hawakumficha kitu, maana walipojaribu aliwahoji mbele ya wageni.

Na wageni hawakukatika. Walijaa sebuleni wakimtazama kama ugali unaopoa.

"Nikifa, soda mtakunywa wapi?" aliwauliza siku moja. Julieth alimkaripia, akakimbilia jikoni kucheka, kicheko kikageuka kilio.

Mwezi wa tatu shangazi yake, Magreth, alikuja kutoka Ziba na furushi kubwa. Alipokwenda kuoga, Apolinaria akalifungua. Mlikuwa na jora la kitenge cha kahawia, na karatasi ya vipimo vya ukoo mzima. Jina lake tu ndilo halikuwemo.

"Shikamoo, shangazi," alisema Apolinaria, Magreth aliporudi. "Hii ni sare ya msiba wangu?"

"Marahaba," alijibu Magreth, akakaa chini.

"Rangi ya maharage yaliyoungua. Mimi sizikwi na maharage."

Ngollo alimwambia dada yake afunge furushi arudi Ziba. Apolinaria akamzuia.

"Mwache, baba. Angalau yeye amejipanga. Ila kitambaa nachagua mimi, na mimi nashonewa, na tunavaa nikiwepo."

Kesho yake Ngollo alimbeba mgongoni hadi Kanyenye, kwenye duka la vitambaa la mama mmoja aitwaye Hetal. Apolinaria alichagua kitenge cha njano chenye majogoo ya bluu.

"Hiki hakuna mwenye akili anayekitaka," Hetal alimwambia ukweli.

"Basi kimepata wenyewe."

Jumapili iliyofuata waliingia kanisani watu kumi na saba, majogoo vifuani, majogoo matakoni. Padri alisahau mahubiri yalipofikia. Baadaye walikula chipsi mayai. Apolinaria alimeza vipande vitatu, akamtapikia shangazi yake mapajani, akamwomba radhi huku akicheka.

Alifariki siku kumi na moja baadaye, asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwuliza mama yake kama inaruhusiwa kuogopa.

"Mimi mwenyewe naogopa," alisema Julieth.

"Basi panda huku tuogope wote," alisema Apolinaria, akajisogeza ukutani kumpisha.